Soma Chuma Kabla ya Kusikiliza Hadithi

Hotuba kwa wapenzi wa historia ya vita, mbele ya Waswahili wa Houston na wageni wao

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja mkidhani leo kuna mashindano ya shabaha: habari za jioni.

Bastola nne zilizo mezani ni tupu. Nimezifungua mbele ya mwenyekiti, naye ametia kidole chake kwenye kila chemba. Pamoja na hayo, atakayeishika yoyote kati yake ataifungua upya na kujitazamia mwenyewe, wala hataelekeza mdomo wake kwa mtu. Hilo halina mjadala, hata kwa wale mnaojiita wazoefu.

Nimeombwa nizungumzie bastola za kijeshi za nchi za nje zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili: mtu atazitambuaje, na akitaka kuzikusanya aanzie wapi. Sasa, ukienda kwenye maonyesho ya silaha hapa Texas, kila meza ina hadithi. Hii ilivuliwa kiunoni mwa jenerali. Hii ilikutwa kwenye ndege iliyodunguliwa. Ile ya pale alikuja nayo babu wa fulani, na babu mwenyewe ameshafariki. Muuzaji mjanja anajua kwamba hadithi ina bei kubwa kuliko chuma. Ndiyo maana nawaambia: soma chuma kwanza. Kikikubaliana na hadithi, ongeza fedha. Kisipokubaliana, lipia chuma peke yake na umshukuru mwenyewe kwa maongezi.

Nianze na inayotugusa. Hii ndogo, ya kwanza kulia, ni Beretta ya mwaka 1934, iliyotengenezwa Gardone, kaskazini mwa Italia. Inapiga risasi fupi ya milimita 9, saba kwa magazini moja, na magazini yenyewe ina ulimi kwa chini wa kuegemeza kidole kidogo. Kila ofisa wa Kitaliano aliitamani. Nayo ndiyo bastola ambayo askari wetu wa Keya walikutana nayo sana, kwa sababu mwaka 1941 vikosi vya King's African Rifles, KAR, ndio hao Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland vilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowatoa Wataliano Somalia na Ethiopia. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa Aprili, na ngome yao ya mwisho, Gondar, ikasalimu amri tarehe 27 Novemba mwaka huohuo.

Hebu mtu wa mbele anisaidie kusoma maandishi ya ubavu wa kushoto. Jina la kiwanda, sawa. Kipenyo, sawa. Modeli, sawa. Halafu kuna 1940, na kando yake herufi za Kirumi: XVIII. Hizo si mapambo. Mussolini alikuwa na kalenda yake. Alianza kuhesabu miaka tangu mwisho wa Oktoba 1922 alipotwaa madaraka, na viwanda vya silaha vikagonga miaka yote miwili pamoja, wa watu wote na wa kwake. Mwaka wa XVIII ulianza mwisho wa Oktoba 1939 ukaisha Oktoba 1940. Mwaka wa XX ulianza mwisho wa Oktoba 1941.

Mmeshaona ninakoelekea? Kuna bastola ya aina hii niliyoonyeshwa na muuzaji mmoja, simtaji. Alisema imetoka Gondar, imechukuliwa na Keya, na bei yake ilikuwa imepanda kwa sababu ya Gondar hiyo. Imegongwa XXI. Mwaka wa XXI ulianza mwisho wa Oktoba 1942, karibu mwaka mzima tangu Wataliano wa Gondar waweke silaha chini. Bastola hiyo haikuwa imezaliwa. Hata yenye XIX ningeitilia shaka, maana Italia iliingia vitani Juni 1940, na tangu hapo mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwao. Meli ya kupeleka shehena ya bastola mpya Massawa au Mogadishu haikuwapo. Ya Ethiopia ya kweli utaikuta na XVIII kurudi nyuma. Tazameni pia herufi mbili ndogo kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola. RE ni jeshi la nchi kavu, RA ni la anga, RM ni la majini, na PS ni polisi. Mtu akikuambia bastola ya rubani, nawe unaona RM, muulize huyo rubani alikuwa anarusha ndege chini ya maji?

Kuna jambo lingine linalohusu familia zetu, nalo nalisema kwa heshima zote kwa wazee. Askari wa Keya hakuwa anaachiwa bastola aondoke nayo kijijini. Utawala wa kikoloni haukuwa na hamu ya kuona Mwafrika aliyefunzwa vita akirudi nyumbani na silaha. Nyara zilisafiri zaidi kwenye masanduku ya maofisa wa Kizungu, ndiyo maana leo Beretta za Ethiopia utazikuta Uingereza, Afrika Kusini, Kanada na hapa Marekani. Babu zetu walirudi na medali, na makovu, na nyimbo za kwata.

Ya pili ni ya Kijapani, Nambu ya aina ya 14. Nayo inatuhusu, kwa kuwa mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikashuka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria, na Desemba ikafika mto Chindwin kule Kalewa. Wajapani nao walikuwa na kalenda yao, ya utawala wa mfalme. Geuza upande wa kulia, nyuma karibu na mshikio, utaona alama moja ya maandishi yao, halafu namba: 19.6. Chukua 19, jumlisha 1925. Unapata 1944, mwezi wa sita. Basi. Hesabu ya darasa la pili, na bado nimewaona watu wazima wakiuziwa bastola ya "mwaka 1919". Na mkiona kilinda kifyatulio ni kipana kama hiki, jueni ni toleo la baadaye. Kilipanuliwa ili askari aliyevaa glavu kwenye baridi ya Manchuria aingize kidole bila taabu.

Sasa nitakaa kidogo kwenye hii ya tatu, na mtanisamehe nikikaa zaidi ya kidogo. Hii ni Vis, kazi ya kiwanda cha silaha cha Radom, Poland. Ukinipa bastola zote za vita ile na kuniambia nichague moja tu, nachukua hii, na sababu haihusiani na ubora wake, ingawa ubora inao.

Kabla ya vita Wapolandi waliitengeneza kwa ajili ya jeshi lao wenyewe. Za wakati ule zina tai mwenye taji, nembo ya Poland, aliyechorwa katikati ya slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola inapofyatuliwa, pamoja na mwaka. Uso wake ulisuguliwa vizuri mno. Ukiishika kwenye mwanga hutaona alama ya tupa. Vibamba vya mshikio vina herufi FB upande mmoja na VIS upande wa pili, ndani ya pembetatu. Hesabu inayokubalika ni kwamba zilitengenezwa chini ya 50,000. Halafu ikaja Septemba 1939, Ujerumani ikaivamia Poland, na kiwanda kikaangukia mikononi mwa Wajerumani kikiwa na mashine zake na mafundi wake.

Wajerumani hawakukivunja. Waliona bastola nzuri inayopiga risasi ileile ya milimita 9 wanayotumia wao, wakaamuru kazi iendelee. Tai wa Poland akaondolewa. Mahali pake pakagongwa P.35(p), yaani katika daftari lao ni bastola ya Kipolandi, modeli ya mwaka 35. Juu yake wakaguzi wa jeshi wakaanza kupiga mihuri midogo, tai wa kwao na namba 77. Kutoka hapo mpaka mwisho zikatoka bastola zaidi ya 300,000. Yaani nyingi ya Vis utakazozikuta duniani zilitengenezwa na mikono ya Wapolandi kwa ajili ya jeshi lililokuwa linawaua Wapolandi.

Mafundi wale hawakukaa kimya. Sehemu za bastola zilianza kutoroshwa kiwandani kidogokidogo, zikaunganishwa mitaani na kufika kwa wapiganaji wa chini kwa chini. Ili kuziba mwanya huo, Wajerumani wakaamua kasiba, yaani mitutu, zitengenezwe Steyr, kule Austria, na kukamilisha bastola kufanyike huko. Radom ikawa inatoa bastola isiyoweza kufyatua kitu. Oktoba 1942 siri ya utoroshaji ilifichuka, na wafanyakazi wa kiwanda wakanyongwa hadharani pamoja na watu wengine, miili ikaachwa ining'inie ili wenzao waione.

Ukishayajua hayo, shika sasa bastola yenyewe. Za mwanzo chini ya Wajerumani bado zina mfereji nyuma ya mshikio wa kupachikia kitako cha mbao, na vijiti vitatu upande wa kushoto: cha kushusha nyundo bila kufyatua, cha kufungulia bastola vipande, na cha kushikilia slaidi. Zikafuata zisizo na mfereji. Kisha, vita vilipokuwa vinawaelemea, kijiti cha kufungulia nacho kikaondolewa, vikabaki viwili. Uso ukaanza kuonyesha mistari ya mashine. Za mwisho kabisa zina vibamba vya mbao vilivyokatwakatwa haraka. Hii yangu ina vijiti viwili na uso wa mikwaruzo. Pitisha ukucha hapa juu ya slaidi, taratibu. Umesikia? Hiyo ni tupa iliyopita mara moja haikurudi. Ukiweka tatu za vipindi hivyo sambamba utaona jinsi jeshi linavyoishiwa, wala hutahitaji ramani ya vita.

Kwa kuwa zenye tai wa Poland ni chache na bei yake ni ya kutisha, walaghai wamejaa. Wanachukua ya kipindi cha Wajerumani, wanasaga P.35(p), wanachora tai. Mtawakamata vipi? Laza mwanga. Weka taa pembeni, si juu, na utazame slaidi kwa mshazari. Palipokuwa na maandishi yaliyosagwa pana bonde, jepesi, lakini lipo. Angalia namba: za Poland ni tarakimu tupu, za Wajerumani zinaanza na herufi. Kisha tafuta mihuri midogo ya wakaguzi kwenye fremu na karibu na kifyatulio. Mlaghai mvivu husahau mmoja.

Na hapo hapo niseme kuhusu mihuri kwa jumla, maana ndiyo roho ya kazi hii. Muhuri uliogongwa kwa nyundo husukuma chuma pembeni. Ukingo wake umenyanyuka kidogo, na sakafu yake si sawa kila mahali kwa sababu mkono wa mtu ulipinda. Uliochongwa kwa mashine ya leo hula chuma. Sakafu yake ni tambarare mno, kingo zake ni kali mno. Nunua lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi kabla hujanunua bastola. Bei yake haifiki hata ya mkoba wa ngozi wa kuukuu.

Ya nne ni Browning ya Herstal, Ubelgiji, ile wengi mnaiita High Power. Magazini yake inabeba risasi 13, jambo lililokuwa kubwa mwaka 1935. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926, na Dieudonné Saive akaimalizia. Mei 1940 Wajerumani walipoingia Ubelgiji, yaliwapata ya Radom: mafundi wakaamriwa waendelee, mihuri ya wakaguzi ikabadilika kutoka 613, kuja 103, kuja 140, na kwa mpangilio huo mtu anakisia kipindi bila kuwa na tarehe. Upande wa pili wa bahari, wataalamu wa Herstal waliokimbilia Uingereza wakaifanya bastola hiyohiyo itengenezwe Toronto, Kanada, katika kiwanda cha Inglis, kwanza kwa ajili ya China. Kwa hiyo ipo Browning ya Wajerumani na ipo Browning ya waliokuwa wanawapiga Wajerumani, vita vilevile. Wanaoanza kukusanya nawashauri waanzie hapa. Zinapatikana, vitabu vyake vipo, na tofauti zake zinaonekana kwa macho.

Za Ujerumani penyewe nitazipita haraka, kwa sababu kila mtu anazizungumzia. P38 ya Walther ina ac, ya Mauser ina byf, ya Spreewerk ina cyq, na tarakimu mbili za mwaka kwa zile mbili za kwanza. Herufi hizo ziliwekwa ili adui asijue kiwanda gani kinatoa nini. Namba ya fremu, ya slaidi na ya kasiba zinatakiwa zifanane. Ukiikuta yenye X iliyogongwa ubavuni, rangi nyeusi nzito iliyofunika hata mihuri, na namba za vipande zilizoandikwa upya kwa kalamu ya umeme, hiyo ilitekwa na Wasovieti, ikapelekwa maghalani, ikafunguliwa na maelfu ya wenzake na kuunganishwa tena bila kujali kipande hiki kilikuwa cha nani. Wakusanyaji wakubwa wanaibeua. Mimi siibeui. Mtu wa kipato cha kawaida anapata bastola ya vita kwa bei ya kuvumilika, na ile X nayo ni historia, labda kubwa kuliko ya bastola safi iliyolala kwenye droo ya ofisa miaka yote.

Kinachoniudhi ni kusugua. Tafadhali, msisugue. Mtu anarithi bastola yenye madoa, anaona aibu, anaipeleka kwa fundi ing'arishwe na kutiwa rangi mpya. Inarudi inameta, na imekufa. Mihuri imelika, kingo za herufi zimekuwa za mviringo, na nusu ya thamani, wakati mwingine zaidi, imebaki kwenye gurudumu la fundi. Kutu inayoendelea kula chuma, iondoe kwa mafuta mepesi na kitambaa, pole pole, uishie hapo. Na usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, hata kama mkoba ni wake wa asili. Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha huamsha kutu.

Karatasi. Wanajeshi wa Marekani waliorudi na nyara walipewa hati yenye saini ya ofisa, ikiruhusu kuleta kifaa kilichotekwa. Nyingine zimeandikwa namba ya bastola, nyingine zimeandikwa "bastola moja" basi. Yenye namba inayofanana na chuma ni dhahabu. Isiyo na namba inaweza kuwa iliandamana na bastola yoyote ile. Na muhuri wa kampuni iliyoiingiza nchini, ambao sheria ya mwaka 1968 iliufanya uwe wa lazima, ukiuona kwenye bastola, basi ile hati ya "baba alirudi nayo 1945" haina kazi. Iliingia nchini kibiashara miaka mingi baadaye.

Sasa sheria, na hapa naomba simu ziwekwe chini, kwa sababu baadhi yenu itawagusa moja kwa moja. Kwa sheria ya shirikisho, silaha iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya asili huhesabiwa kuwa ya kale kwa wakusanyaji, na ipo leseni maalumu ya mkusanyaji inayorahisisha kununua, kwa sharti la kutunza daftari la kila kinachoingia na kutoka. Majimbo yana sheria zake juu ya hiyo, na za California si za Texas. Lakini kabla ya yote: kama upo hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida huruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa. Usimkubalie rafiki akununulie kwa jina lake. Hilo ni kosa la jinai kwenu nyote wawili, na kwa mgeni linaweza kuishia uwanja wa ndege. Wala usifikirie kumpelekea mjomba Mombasa au Tabora hata magazini tupu. Kutoa sehemu za silaha nje ya nchi kunataka kibali, na kule kuzipokea bila leseni ni kifungo.

Na wale wenye jamaa nyumbani waliokuta kitu kwenye sanduku la marehemu, mwambieni asikibebe kwenda nacho kituoni ndani ya mfuko wa Rambo. Akiache kilipo, azungumze na wakili au mwenyekiti wa mtaa, polisi waje wenyewe. Aombe kwa maandishi kwamba kama kina thamani ya kihistoria, makumbusho yajulishwe kabla hakijateketezwa. Hakuna uhakika litakubaliwa, ila ombi lililoandikwa lina nafasi, lisiloandikwa halina.

Mzee mmoja ameniuliza nje, kabla hatujaanza, kama bastola hizi zinaweza kupigwa. Mzee, zipo zinazopigwa kila Jumamosi. Lakini mfano ni huu: Wataliano walikuwa na bastola nyingine ya zamani, Glisenti ya 1910. Risasi yake ya milimita 9 inalingana kwa umbo na ile ya Parabellum inayouzwa kila duka hapa, ila nguvu yake ni ndogo zaidi. Parabellum inaingia kwenye Glisenti bila kukwama, na fremu ile haikuundwa kuhimili kishindo chake. Kwa hiyo usipige mpaka fundi wa silaha aifungue, aipime, akuambie kwa kinywa chake risasi gani hasa. Hii ya Radom mimi sijaipiga hata mara moja, na vijana wangu wameshaambiwa wasiulize.

Mwenyekiti, nimemaliza. Wenye lenzi waje mbele kwanza.